Mlima Si Kigeugeu

Nataka tupande mlima pamoja. Mlima wenyewe uko Marekani, katika jimbo la Tennessee, na jina lake ni Le Conte. Karibu na kilele chake ipo loji isiyo na barabara. Gari halifiki, pikipiki haifiki. Anayetaka kulala pale atakwenda kwa miguu yake na kurudi kwa miguu yake.

Nimeuchagua mlima huu kwa kuwa baadhi yenu mnaonisikiliza mnaishi jirani nao. Mjini Knoxville, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka chini ya milima ile, zipo familia za Warundi na Wakongo ambazo zimekwisha kujenga maisha hapo. Ningependa sana familia hizo zipande, na watoto wao wakue wakijua kwamba hifadhi ya taifa ambamo mlima huu umo ni yao pia. Hakuna kiingilio langoni. Unalipia maegesho tu, basi. Lakini kabla hawajafunga kamba za viatu, nina neno.

Watu husema hali ya hewa ya mlimani ni kigeugeu. Asubuhi jua, saa sita ukungu, saa nane mvua ya mawe, magharibi theluji. Mimi nasema mlima hauna ugeugeu wowote. Una taratibu zake, zinajulikana, na nyingi zinahesabika. Tunaogeuka ni sisi, tunaotoka bondeni na nguo za bondeni na saa za bondeni, kisha tunashangaa kukuta mambo mengine huko juu. Leo nataka tuzitazame taratibu hizo moja baada ya nyingine.

Tuanze na majira. Machi, Aprili na Mei, miezi ambayo kwetu Afrika Mashariki ni ya masika, kule ni majira ya machipuko. Baridi kali inaondoka, miti iliyosimama mitupu tangu Novemba inaanza kutoa majani. Mlima Le Conte umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, iliyoanzishwa mwaka 1934 kwenye mpaka wa Tennessee na North Carolina. Hakuna hifadhi ya taifa nchini Marekani inayotembelewa na watu wengi kuliko hii: kila mwaka hupokea watu kama milioni 12. Ndani yake mna aina zaidi ya 1,500 za mimea inayotoa maua.

Mwezi wa Aprili maua yale hujaa chini ya msitu, meupe, ya manjano, ya zambarau, mengine madogo kuliko ukucha. Yanachanua kwa haraka, na haraka yake ina sababu. Miti ikiwa bado haina majani, jua hupenya mpaka ardhini. Wiki chache baadaye majani ya juu yatafunga, kivuli kitatanda, na nafasi itakuwa imepita. Kwa hiyo mimea ile hutoka, huchanua, hutoa mbegu na kunyauka kabla dari la msitu halijafunga. Tangu mwaka 1951 katika mji wa Gatlinburg, ulio chini kabisa ya mlima, watu hukusanyika kila majira haya kutembea msituni pamoja na wataalamu wa mimea, wakifundishwa ua moja moja. Basi wageni humiminika, hali ya hewa mjini ni tamu, watoto wamevaa kaptula, na kila mtu anatazama juu na kusema: twende kileleni.

Hapo ndipo hesabu ya kwanza inapohitajika. Mwaka 1918 mtaalamu mmoja wa wadudu wa Marekani, Andrew Delmar Hopkins, alitoa kanuni iliyotokana na miaka mingi ya kuchunguza mimea na wadudu. Alisema kwamba machipuko huchelewa siku nne kwa kila futi 400 unazopanda, yaani kama mita 120. Ni wastani, lakini tuutumie. Gatlinburg uko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Le Conte kina mita 2,010. Tofauti ni mita 1,600 hivi. Gawanya kwa 120, zidisha kwa nne: unapata siku zaidi ya 50. Wiki saba!

Maana yake ni kwamba mtu anayeondoka Gatlinburg mwishoni mwa Aprili, akapanda mpaka loji, anakuwa amerudi nyuma katika kalenda. Mjini ni Aprili, lojini ni Machi mwanzoni. Wala hahitaji kuamini maneno yangu, kwa maana msitu utamwambia. Chini ataona majani mapya yaliyokwisha kufunguka. Katikati ya njia ataona vichipukizi vilivyofumba. Juu atakuta miti ya misprusi na misonobari ya jamii ile inayopatikana Kanada, myeusi, inayodondosha maji, na huenda chini yake kuna theluji ambayo bado haijayeyuka. Kichaka cha maua kinachotawala kilele, kile cha rododendroni, huchanua Juni, wakati bondeni watu wanatafuta kivuli.

Hesabu ya pili ni ya joto. Hewa hupoa kadiri unavyopanda, kwa wastani nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000. Watunzaji wa hifadhi ile huwaambia wageni watarajie tofauti ya kati ya nyuzi 6 na 11 baina ya chini na kilele. Kwa hiyo siku ambayo mjini ni nyuzi 16, siku ya kutembea na shati, kule juu panaweza kuwa na nyuzi tano. Ongeza upepo. Ongeza mvua. Katika kumbukumbu zote za hali ya hewa za kilele kile, joto halijapata kufika nyuzi 27, hata katikati ya Julai.

Hesabu ya tatu ni ya maji. Mabonde ya hifadhi ile hupata mvua ya milimita 1,400 hivi kwa mwaka. Vilele vinapata zaidi ya milimita 2,100. Upepo wenye unyevu hutoka Ghuba ya Meksiko, husafiri mamia ya kilomita juu ya nchi tambarare, kisha hukutana na ukuta wa milima. Hauna pa kupita isipokuwa juu. Unapanda, unapoa, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke wote iliokuwa nao, kwa hiyo inautua. Mlima unajitengenezea mawingu yake. Ndiyo sababu unaweza kusimama Gatlinburg kwenye jua, na yule aliye lojini, kilomita chache tu kutoka kwako, asiuone hata mti ulio mbele yake.

Na wakati wa machipuko lipo jambo moja zaidi. Baridi ya Kanada bado haijakata tamaa. Inashuka kutoka kaskazini mara kwa mara, na inapokutana na unyevu ule wa Ghuba, vita vyake hupiganwa juu ya milima hii. Tarehe 12 hadi 14 Machi, mwaka 1993, dhoruba kubwa ilipita mashariki yote ya Marekani. Juu ya Le Conte ilianguka theluji ya kina cha zaidi ya mita moja. Wakati huo huo wanafunzi na walimu zaidi ya 100 kutoka jimbo la Michigan walikuwa ndani ya hifadhi ile, wamebeba mizigo yao, wakiwa matembezini. Walinaswa. Walitafutwa kwa helikopta na kwa miguu kwa siku kadhaa, na kwa rehema ya Mungu wakapatikana wote wakiwa hai. Machi, wasikilizaji. Katika kalenda iliyotundikwa ukutani majira mapya yalikuwa mlangoni.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli kwa mtu aliye uwanjani, anayeona anga. Msituni, kwenye mteremko mkali, huoni anga. Na ukishafika juu, unatembea ndani ya wingu lenyewe. Dalili za mlimani ni nyingine, na inafaa kuzijua. Upepo uliobadili upande. Mikono inayoanza kupoa ingawa unatembea kwa nguvu. Vilele vya miti vinavyovuma wakati chini pametulia. Jiwe lililokuwa kavu ambalo sasa linang'aa kwa umande. Ukiona hayo, vaa koti kabla hujasikia baridi, kwa sababu ni rahisi kulitunza joto kuliko kulirudisha.

Sasa tupande. Njia za kufika lojini ni kadhaa. Fupi kuliko zote inaitwa Alum Cave, kilomita nane kwenda tu. Inaanza kwa upole, kando ya kijito, chini ya miti mikubwa. Baada ya kilomita mbili na ushei unaingia ndani ya mwamba uliotoboka, na ngazi za mawe zimechongwa humo kukupitisha upande wa pili. Baada ya hapo unafika kwenye jabali kubwa lililoinama juu ya njia, lenye urefu wa kwenda juu wa zaidi ya mita 20. Chini yake pana vumbi kavu, hata siku ya mvua, maana mvua haifiki. Lakini mwezi wa Machi tazama juu kabla hujakaa kupumzika, kwa kuwa barafu huning'inia kwenye ukingo wa jabali lile, na jua likiipiga inakatika na kuanguka.

Watu wengi wenye watoto hugeukia hapo, na wamefanya vyema. Kwa wanaoendelea, njia inakuwa nyembamba. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili mteremko ambao hutaki kuujaribu. Hapo pamefungwa nyaya za chuma kwenye mwamba, za kushika kwa mkono. Maji huchuruzika kutoka kwenye ukuta na kuvuka njia. Mchana ni maji. Usiku, baridi ikirudi, ni barafu, na asubuhi bado ni barafu, safi kiasi kwamba unaona jiwe lililo chini yake na kudhani unakanyaga jiwe. Aliyekwisha kujua huwa na meno ya chuma ya kuvalisha juu ya viatu, anayafunga hapo, anashika waya na kwenda hatua kwa hatua. Asiyekuwa nayo hurudi. Kwa maoni yangu, huyo anayerudi anastahili heshima ile ile anayopewa aliyefika.

Niseme kidogo kuhusu baridi, kwa kuwa inaua, na huua siku ambazo watu hawaiogopi. Hatari kubwa haiko kwenye siku ya theluji kavu tu. Iko pia kwenye siku ya nyuzi tano, mvua nyembamba na upepo. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Suruali ya jinzi, fulana ya pamba, soksi za pamba, vyote hivyo hunywa maji na kuyashikilia kwenye ngozi. Mtu anaanza kutetemeka. Kisha vidole vinashindwa kufunga zipu. Kisha maneno yanavutika mdomoni. Kisha anasema yuko sawa, na anakaa chini, na hataki kuinuka. Ukimwona mwenzako amefika kwenye zipu, usingoje afike kwenye maneno. Simamisheni safari, mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, mpeni kitu cha moto na cha sukari, mwondoeni kwenye upepo.

Na kinga yake haihitaji fedha nyingi. Sweta la sufu, hata la mtumba, huendelea kutunza joto likiwa na unyevu. Koti la mvua lisilopenyeza maji. Kofia, glovu, soksi za sufu za akiba ndani ya mfuko wa plastiki. Tochi. Chakula zaidi ya unachodhani utakula. Vitu hivyo vyote huingia katika begi la shule la mtoto.

Tumefika juu. Loji hii, LeConte Lodge, iko kwenye mita kama 1,950. Ilianza na kambi ya mahema mwaka 1925, wakati wenyeji walipokuwa wakiwaleta wakubwa kuwaonyesha mlima ili eneo lifanywe hifadhi. Mwaka uliofuata kijana mmoja wa Gatlinburg, Jack Huff, alianza kujenga kwa magogo. Inasimuliwa, na picha ipo, kwamba mama yake alikuwa mgonjwa asiyeweza kupanda, na alitamani kuona kazi ya mwanawe. Huff alikifunga kiti mgongoni, mama akakaa akitazama nyuma, akambeba hivyo mpaka juu. Nikiwafikiria akina mama wetu, naona kisa hiki hakihitaji maelezo.

Mpaka leo hakuna umeme. Taa ni za mafuta ya taa. Vibanda ni vya mbao, vitanda vina mablanketi ya sufu, na wageni wanaolala usiku mmoja ni kama 60 tu. Kila mwaka kabla ya kufungua mwezi wa Machi, helikopta huleta mizigo mizito: gesi ya kupikia, unga, vyakula vya makopo. Hiyo nayo husubiri siku ya anga safi, na wafanyakazi hawaamui siku hiyo, wanaipokea. Baada ya hapo, mara tatu kwa wiki, vyakula vibichi na mashuka safi hupandishwa na lama, wale wanyama wa Amerika Kusini wa jamii ya ngamia. Walichaguliwa badala ya farasi kwa sababu nyayo zao laini haziichimbui njia, na njia iliyochimbuliwa, mvua ya mlimani huigeuza mfereji. Wanashuka na takataka na mashuka machafu. Hata usafiri wa loji umepangwa kwa kuiheshimu mvua.

Saa kumi na mbili jioni kengele inalia, wageni wanaingia chumba cha kulia. Nyama ya ng'ombe na mchuzi, viazi vya kuponda, meza ndefu, watu wasiofahamiana wanapitishiana mabakuli. Kila aliyekaa pale amepanda mlima ule ule kwa miguu yake, daktari na fundi, mzee na kijana. Mvua iliyomnyeshea mmoja imewanyeshea wote. Ndiyo maana mazungumzo ya meza ile huanza bila utangulizi: ulipita njia gani, barafu ilikuwaje, ulikuta ukungu wapi.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema jambo lililo moyoni mwangu. Wengi hudhani hali ya hewa inayobadilika ni kasoro ya safari, kitu cha kuvumilia mpaka anga ifunguke. Mimi naona ndiyo safari yenyewe. Kule juu kuna sehemu mbili mashuhuri: Cliff Tops, watu wanapokwenda kutazama jua likizama, na Myrtle Point, wanapokwenda alfajiri kulitazama likichomoza. Asubuhi ya anga safi utaona milima mstari baada ya mstari. Lakini asubuhi baada ya mvua, wingu likishuka mabondeni na vilele vikabaki juu yake kama visiwa baharini, utaona kitu ambacho anga safi haiwezi kukupa. Mvua ile ile ndiyo inayolisha kijito ulichokifuata, ukungu ule ule ndio unaowezesha miti ya Kanada kuishi Tennessee, na baridi iliyobaki ndiyo inayofanya ukutane na ua lile lile mara mbili, limekwisha nyauka bondeni na linafumbuka mlimani. Ukiondoa mabadiliko, umeondoa mlima.

Kwa walio Moshi, Marangu, Nanyuki au Mbale, taratibu hizi si ngeni. Kilimanjaro, kibanda cha Mandara kiko kwenye mita 2,700 hivi, na cha Horombo kwenye mita 3,720. Hesabu ya nyuzi sita na nusu inafanya kazi pale pale, na masika huleta juu mvua baridi, ukungu na theluji wakati bondeni watu wanapalilia mahindi. Basi nawaomba jambo moja wenye kampuni za kupandisha wageni na wageni wenyewe wa milima yetu. Mgeni akivishwa makoti matatu na mpagazi wake amevaa fulana na raba zilizotoboka, tumeijua kanuni na tumeikataa. Wapo wapagazi waliokufa kwa baridi Kilimanjaro. Hewa inapoa kwa kiwango kile kile kwa aliyelipa na kwa aliyelipwa. Msafara usianze langoni kabla kiongozi hajakagua nguo za kila mtu, mpagazi akiwa wa kwanza.

Na kwenu mlio Knoxville: Aprili mkipata Jumamosi, nendeni. Tazameni utabiri wa kilele, si wa mji. Ulizeni kama barabara ya kufika mwanzo wa njia iko wazi, kwa kuwa theluji huifunga hata wakati wa machipuko. Mwambieni mtu aliyebaki nyumbani mnapita njia gani na mtarudi saa ngapi. Tokeni mapema. Kabla ya kuanza, mkiwa bado hamjachoka na akili zimetulia, kubalianeni saa ya kugeuka, na saa hiyo ikifika geukeni, hata kama mtu anayeshuka atawaambia imebaki kidogo. Mchuma janga hula na wa kwao: mmoja akikaidi, wenzake watambeba, na waokoaji watapanda usiku kumfuata.

Kwa mara ya kwanza fikeni kwenye jabali tu, kuleni chakula chenu kwenye vumbi kavu, mrudi. Mara ya pili mtakwenda mbali zaidi. Wafundisheni watoto kuhesabu: mita hizi, nyuzi hizi, wiki hizi. Mtoto anayejua kwa nini kuna baridi kule juu haogopi, wala hadharau. Atapanda maisha yake yote.